Kunguru Mwenye Sabuni

Jibini nilikuja kuiona kwa macho nikiwa na miaka kumi na minane, mjini Bujumbura, nyuma ya kioo cha friji ya duka. Nilisimama nikaitazama kama mtu anayekutana na mjomba aliyekuwa akisimuliwa tu. Kwa miaka saba kabla ya siku ile nilijua kwa ghibu, kwa Kifaransa, habari za kunguru aliyekaa mtini na jibini mdomoni, na za mbweha aliyemvika kilemba cha ukoka mpaka akafungua mdomo ili aimbe. Na katika miaka yote hiyo saba, kile alichokiangusha kunguru kwangu mimi kilikuwa kipande cha sabuni.

Kosa halikuwa la mtu. Ruziba yetu ya kando ya Ziwa Tanganyika, miaka ya themanini, ilikuwa na ndagala walioanikwa mchangani, samaki wa mikeke waliokaushwa kwa moshi, mihogo, mawese kutoka vishamba vya michikichi vya upande wa mlimani, na vumbi la barabara ya Rumonge iliyopita katikati yetu kuelekea kusini. Maziwa yalishuka kutoka milimani ndani ya vibuyu, yakanywewa mabichi au ya mgando, basi. Hakuna aliyewaza kuyafanya yawe magumu kama tofali. Mwalimu alipofika kwenye neno fromage alituchorea ubaoni kitu cha pembe nne, akakijaza chaki nyeupe, na darasa zima likaitika kwa Kirundi: "Isabune!" Hakutusikia, au alijifanya hakutusikia, akaendelea na somo.

Isitoshe, ushahidi tulikuwa nao. Dirisha la darasa letu lilitazama ziwani, mahali ambapo akina mama walifulia nguo juu ya mawe. Kunguru wa kwetu, wale weusi wenye fulana nyeupe kifuani, ni wezi wa sabuni. Mafuta yaliyomo ndiyo wanayoyataka. Mama akigeuka kusuuza shuka, mche wa sabuni umeshapaa. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba kunguru alikaa juu ya mti na kitu cheupe mdomoni, hatukuwa na swali. Tulikuwa tumeshamwona huyo kunguru. Kilichotushangaza ni mbweha, kwamba mbweha naye anafua.

Miaka minne ya kwanza ya shule tulisomeshwa kwa Kirundi. Mwaka wa tano Kifaransa kilituangukia chote kwa pamoja kama mvua ya Aprili, na pamoja nacho somo la kukariri. Ilipofika zamu yangu nilisimama mbele, mikono nyuma, macho kwenye dari la mabati, nikaanza vizuri. Nilipofika penyewe ulimi ukateleza, nikasema savon. Wenzangu hawakucheka, kwa sababu na wao walikuwa wanaiona sabuni. Mwalimu ndiye aliyeinuka na rula yake ya mbao.

"Savon?"

Nikanyamaza.

"Kwa nini savon?"

Sikuwa na Kifaransa cha kujitetea, nikanyoosha kidole dirishani. Pale kwenye mawe mama mmoja alikuwa ameufunika mche wake wa sabuni kwa sufuria iliyopinduliwa, akaweka jiwe juu yake, na kunguru wawili walikuwa wakiizunguka ile sufuria polepole kama askari wa zamu. Mmoja akaigonga kwa mdomo. Mwalimu alitazama kwa muda, rula ikashuka. Kisha akaketi juu ya dawati la mbele akacheka mpaka akavua miwani akafuta machozi. Rula niliipata hata hivyo, mbili za kiganjani, maana nidhamu ni nidhamu. Lakini kesho yake alitupa kazi ambayo sijawahi kusikia mwalimu mwingine akiitoa: kila hadithi tutakayoikariri, tukamsimulie mtu mzima wa nyumbani kwa lugha yake, turudi na alichosema.

Mtu aliyetuletea taabu zote hizo tulimjua kwa picha ndogo ya kitabuni, mzee mwenye nywele za mawimbi hadi mabegani, ambaye sisi tulimdhania mwanamke. Jean de La Fontaine alizaliwa mwaka 1621 katika mji mdogo wa Château-Thierry, akarithi kwa baba yake kazi ya kusimamia maji na misitu, kazi ambayo hakuifanya kwa bidii kubwa. Alipenda kukaa kwenye nyumba za watu wakubwa na kutunga mashairi. Fouquet, waziri wa fedha aliyemlisha, alipokamatwa na mfalme mwaka 1661, wengi walimkimbia, La Fontaine akatunga shairi la kumwombea msamaha. Hilo peke yake lingetosha kunifanya nimheshimu. Vitabu sita vya kwanza vya hadithi zake za wanyama, zote kwa shairi, vilitoka mwaka 1668, akavitabaruku kwa mtoto wa mfalme aliyekuwa na miaka sita. Alipokufa mwaka 1695 vilikuwa vimefika kumi na viwili. Yaani kitabu kilichoandikwa kwa ajili ya mwana wa mfalme wa Versailles ndicho kilichonipatia rula mbili za kiganja Ruziba.

Nyumbani kwetu lugha zilikuwa na viti vyake. Baba alikuwa mtu wa Buyenzi, mtaa wa Bujumbura, aliyesoma chuoni kwa maalimu kabla ya kuhamia Ruziba kununua samaki, na kwake yeye ilikuwa Kiswahili tangu salamu hadi ugomvi. Bibi, mzaa mama, aliteremka kutoka milima ya Mumirwa baada ya babu kufariki, akaja na Kirundi chake, chungu chake na kiti chake cha miguu mitatu. Kiswahili alikisikia chote lakini alikataa kukisema. Kwa Warundi wengi wa rika lake, kumwita mtu Mswahili ilikuwa sawa na kusema ni mjanja, ana maneno matamu, usimwachie kuku. Mkwewe mwenyewe alimwita hivyo mbele yake, naye baba akicheka. Nikikumbuka sasa naona lilikuwa jina la heshima ya aina yake: ndilo jina ambalo hadithi zote humpa sungura.

Hadithi ya kwanza niliyompelekea bibi ilikuwa ya nyenje na chungu. Nyenje aliimba kiangazi kizima, baridi ikamkuta hana kitu, akaenda kwa jirani yake chungu kukopa nafaka, chungu akamwambia kama uliimba, basi sasa cheza. Bibi alikuwa anachambua maharage kwenye ungo. Alitupa jiwe dogo pembeni, akauliza:

"Huyo nyenje alikuwa anamwimbia nani?"

"Hakuna. Aliimba tu."

"Na chungu alikuwa anafanya nini?"

"Analima, bibi. Anaweka akiba."

"Alikuwa analima kimya?"

Sikuwa na jibu, maana kitabuni halimo.

"Ego," akasema. "Alilima kwa wimbo wa mwenzake, kisha akamnyima." Akaendelea na maharage yake. Baadaye, bila kuulizwa, akaongeza kwamba mwaka uliofuata chungu alipata mtoto, akapika pombe, akaita majirani, wakaja wakanywa wakitazamana, hakuna wa kuimba, wakaondoka kabla jua halijatua. Mpaka leo nyumba ya chungu haina sherehe. Ndiyo maana ukiinamia tundu lao husikii kitu.

Unapaswa kujua bibi alitoka wapi ili uelewe kwa nini hukumu yake ilikuwa ile. Milimani kwao kila kazi ilikuwa na utungo wake. Mchungaji aliwatungia ng'ombe wake majina ya sifa na kuwaimbia ibicuba wakienda kunywa maji. Mrina asali aliwatungia nyuki. Mama alikuwa na ibihozo vya kumbembelezea mtoto, na jioni palikuwa na ibitito, zile hadithi ambazo katikati yake msimulizi anaingia kwenye wimbo na wasikilizaji wanaudaka. Mpiga inanga alipofika bomani kwa chifu, akainamia kile kinubi chake cha umbo la sinia akakinong'onezea maneno badala ya kuyapaza, hakuna aliyemwuliza amelima nini. Alilishwa. Kwa mtu wa namna hiyo, chungu wa La Fontaine ni jirani mbaya, hana la kujitetea.

Baba naye, aliyekuwa akisikiliza kutoka kibarazani, alileta chungu wa tatu: yule wa kwenye Kurani, aliyewaonya wenzake waingie majumbani kwao wasije wakakanyagwa na jeshi la Nabii Suleiman, na Nabii akatabasamu kwa kumsikia. "Huyo ndiye chungu mwenye akili," akasema baba. "Anasema neno, linaokoa mji."

Nilikwenda shuleni na chungu watatu. Mwalimu aliwaandika wote ubaoni, safu tatu, na ile saa nzima hatukukariri kitu. Ni miaka mingi baadaye niliposoma kwamba Jean-Jacques Rousseau, katika kitabu chake cha malezi cha mwaka 1762, aliwakataza watu kuwafundisha watoto hadithi hizo, akihofu kwamba mtoto atajifunza kwa chungu kunyima na kumdhihaki anayeomba, na kwa mbweha kupata mali kwa sifa za uongo. Rousseau alidhani dawa ni kumnyima mtoto hadithi. Bibi hakumnyima mtu hadithi. Aliirefusha tu mpaka chungu alipe deni.

Lakini hadithi yenyewe hasa, ile ninayoibeba hadi leo, haikutoka shuleni.

Wavuvi wa Tanganyika hukaa nchi kavu siku za mbalamwezi. Ndagala hufuata mwanga wa karabai, na mwezi ukiwaka hawaijali tena karabai yako. Siku nyingine za mwezi, usiku wa Ruziba ulikuwa mitumbwi inayotoka jioni, kisha mstari wa taa kule ndani kana kwamba ng'ambo pana mji, na ng'ambo ya kweli, milima ya Kongo, imemezwa na giza. Mbalamwezi ikija, taa zote hizo zinarudi nyumbani. Nyavu za lusenga zinatundikwa, wanaume wanashona matundu, wanacheza karata, na wenye maneno wanapata wasikilizaji. Viboko nao hutoka kula majani, kwa hiyo watoto tuliambiwa tukae karibu na moto. Kwa masharti hayo nani angekaa mbali?

Palikuwa na mvuvi mzee wa Ujiji, aliyeoa Rumonge na kuhamia kwetu baada ya mke kufa. Tulimwita Mzee wa Karabai kwa sababu yeye peke yake aliweza kufufua karabai iliyokufa, kwa kuipuliza, kuipiga kofi na kuitukana. Kiswahili chake kilikuwa cha Ujiji, kirefu, kisicho haraka. Usiku mmoja alitusimulia habari za kima aliyekaa juu ya mkuyu ulioota pwani, akimrushia matunda rafiki yake papa. Papa akanogewa, akamwalika kima kwao. Kima akapanda mgongoni. Walipofika katikati ya maji, papa akasema ukweli: sultani wetu ni mgonjwa, dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu bila kutetemeka: ungeniambia mapema! Sisi tukisafiri mioyo yetu tunaiacha juu ya miti. Nirudishe nikuchukulie.

Hapo watoto tukakwama. Papa ni nini? Wengine walidhani ni Baba Mtakatifu, na wakaona ni ajabu Baba Mtakatifu kubeba kima. Mimi, kwa Kifaransa changu cha mwaka mmoja, nilidhani ni baba wa mtu. Mzee wa Karabai alijaribu kutueleza: samaki mkubwa wa baharini, ana meno. Bahari iko wapi? Mbali, maji ya chumvi. Chumvi nani kaitia? Hadithi ilikuwa inazama mbele ya macho yetu, na kima mgongoni.

Kutoka gizani, kwenye mkeka wake, bibi akasema kwa Kirundi: ni mamba.

Mzee akageuka. "Shikamoo mama. Si mamba, ni papa."

"Hapa ni mamba," akasema bibi, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza mimi kumsikia akisema Kiswahili. "Na mti si mkuyu. Ni mvumu."

Hakuna aliyembishia. Mamba tulimjua. Kila msimu alichukua mtu au mbuzi mahali fulani kati yetu na mdomo wa mto Rusizi, na miaka ya baadaye mmoja wao angepewa jina la Gustave na kutafutwa na watu wa filamu kwa kitanzi na kwa mtego wa chuma bila kupatikana. Mvumu nao tulikuwa nao, ule mti wa tini ambao milimani hupandwa uani na gome lake lilivaliwa zamani. Mzee akakohoa, akaianza hadithi upya tangu mwanzo, kwa mamba na mvumu, na safari hii ilifika nchi kavu. Alipomaliza, bibi alilipa kwa vitendawili. "Sokwe!" akapaza kwa Kirundi, nasi tukaitika "Niruze!" mpaka moto ukawa majivu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini lazima niseme kuhusu kitabu kilichofungwa kwa gazeti.

Mwaka wa sita mwalimu alitutembeza hadi Mugere, kusini kidogo ya kwetu, kwenye lile jiwe kubwa lenye majina ya Livingstone na Stanley yaliyochongwa pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Walilala hapo siku mbili wakitoka Ujiji kuja kutazama ncha ya kaskazini ya ziwa, kama Rusizi unaingia au unatoka. Wenzangu walipanda juu ya jiwe. Mimi nilitaka kujua waliokuwa wakipiga makasia walisimuliana nini usiku, kwa sababu nilikuwa na Mzee wa Ujiji kichwani. Mwalimu alisema hilo halikuandikwa. Kisha, tulipokuwa tumekaa kivulini tukila mihogo, alitoa mfukoni kitabu chembamba kilichofungwa kwa gazeti, akatusomea kurasa mbili za Mrundi anayemsifu baba yake, kwa Kifaransa ambacho kwa mara ya kwanza nilikielewa bila kutafsiriwa, kwa sababu chini yake palikuwa na Kirundi kinapumua. Jina la mwandishi alilitaja kwa sauti ya chini: Abbé Michel Kayoya. Akakifunga kitabu, akakirudisha mfukoni, akatuambia tuoshe mikono.

Kayoya alikuwa padri na mshairi, mzaliwa wa Kibumbu, aliyesoma seminari ya Burasira na baadaye Lille, Ufaransa. Kitabu kile, Sur les traces de mon père, kilitoka Bujumbura mwaka 1968, na cha pili, Entre deux mondes, mwaka 1971. Mei 1972, katika mauaji makubwa ya mwaka ule, aliuawa Gitega pamoja na wengine wengi wakatupwa kwenye kaburi la pamoja karibu na mto Ruvubu. Alikuwa na miaka 37. Mwaka 1973 kazi yake ilitafsiriwa ikachapwa Nairobi. Nilipoyajua hayo ndipo nilipoelewa lile gazeti. Mwalimu aliyetufundisha mshairi wa Ufaransa kwa rula mkononi alikuwa anatembea na mshairi wa kwao mfukoni, na wa Ufaransa ndiye aliyeruhusiwa kusemwa kwa sauti kubwa. La Fontaine, nadhani, angemwelewa. Yeye mwenyewe aliwapa simba na mbwamwitu maneno ambayo mtu wa Versailles asingethubutu kuyasema kwa kinywa cha mtu.

Warundi walikuwa na hila kama hiyo, jina lake Samandari. Bibi alikuwa na visa vyake vya kutosha: yule mcheshi asiye na haya aliyewajibu wakubwa kwa upuuzi uliokuwa na akili ndani yake. Waandishi vijana wa Bujumbura, akina Roland Rugero na Ketty Nivyabandi, walipoanzisha mkusanyiko wao wa Alhamisi wa kusomeana maandishi, jina walilolipa ni hilo hilo. Nilihudhuria mara chache. Kila mtu alikuwa na karatasi. Nilitamani mtu mmoja aje bila karatasi.

Oktoba 1993 nchi ikapasuka, na Bujumbura Vijijini, tulipokuwa sisi, ikawa mahali pa risasi kwa zaidi ya miaka kumi. Sitaki kuyasimulia ya wakati ule hapa. Wapo waliosimulia, na wapo waliobaki hai bila kutaka. Nitasema la bibi tu. Mwaka 1999 watu wa vilima vyetu walipokusanywa kambini, zaidi ya laki tatu katika mkoa mzima, bibi alikuwa haoni vizuri na meno yamebaki mawili. Binamu yangu aliyekaa naye chini ya turubai alinieleza kwamba kila jioni alimwita mtoto yeyote aliyekuwa karibu, wa kwake au wa mwingine, akasema "Sokwe!" Sheria yake ya zamani, kwamba anayesimulia hadithi mchana ataota mkia, aliivunja kambini. Alisema mkia wa nini tena. Hakutoka kule akiwa hai.

Nilikuwa na daftari la kurasa 48 ambalo mwalimu alinipa darasa la sita niandike hadithi za bibi. Liliungua na nyumba.

Siku moja nilipoingia maktaba moja ya Nairobi nikitafuta kitu kingine kabisa, nilifungua mkusanyiko wa hadithi za Unguja aliouchapa Edward Steere, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye alikuwa askofu wa Zanzibar. Kitabu cha London, mwaka 1870, mwaka mmoja kabla ya lile jiwe la Mugere. Na pale, chini ya jina la Kisa cha Punda wa Dobi, nikamkuta kima. Mkuyu wake upo, rafiki yake papa yupo, sultani mgonjwa yupo. Mzee wa Karabai hakuwa amebadilisha kitu. Hadithi ilitoka pwani, ikapanda na misafara hadi Ujiji, ikashuka ziwani, ikapanda mtumbwi kuja kwetu.

Nikaifuata nyuma. Waarabu wanayo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikigeuza kutoka Kiajemi katika karne ya 8, na humo rafiki wa kima ni kobe. Waajemi waliipata India, katika Panchatantra, na huko kima amepanda mgongo wa mnyama wa majini mwenye meno, ambaye wafasiri wengi humwita mamba. Katika hadithi za kale za Kibudha ni mamba hasa, mamba wa mtoni.

Nilisoma ukurasa ule mara tatu. Njia nzima, kupitia kwa Waajemi, Waarabu na Unguja, mamba alikuwa amegeuzwa kobe, kobe akawa papa, na usiku mmoja wa mbalamwezi Ruziba, mwanamke asiyejua kusoma akamrudisha mamba mahali pake, kwa sababu tu watoto walikuwa hawaelewi.

Na La Fontaine? Naye alinywa kisima hicho hicho. Mwaka 1644 Paris ilipata tafsiri ya hadithi hizo za India, na katika mkusanyiko wake wa pili wa mwaka 1678 alikiri wazi kwamba sehemu kubwa anadaiwa na Pilpay, mwenye hekima wa India. Kobe wake anayebebwa angani na mabata wawili kwa kijiti, akafungua mdomo kusema akaanguka, ni wa huko. Kima na mamba hakuwachukua. Yeye ana kima wa Esopo, aliyebebwa na pomboo karibu na Athens, akajidai anamjua Pireo kama rafiki yake wa karibu, kumbe Pireo ni bandari, na pomboo akamwacha azame. Nampenda kidogo huyo kima, lakini simwonei wivu. Uongo ule ule, juu ya mgongo ule ule wa maji, wa Ulaya ulimwua, wa kwetu ulimvusha.

Binti yangu mkubwa anasoma mwaka wa tano. Juzi alinijia na kunguru na jibini, na jibini anaijua, ameila. Nilimsimulia habari za sufuria iliyopinduliwa na kunguru wawili. Akaniuliza mbweha alipopata sabuni alifua nini. Sijui, nikamwambia, wewe unaonaje? Bado anafikiri.

Yale mawe ya kufulia siku hizi huyaoni tena, maji yamepanda. Mama zetu waliobaki ni wachache, na wavuvi wanatumia taa za betri. Basi msomaji, kama unaye bibi au babu, mwendee leo, usiku, usiende mchana. Mwulize swali moja tu na umwandike atakavyosema. Kwa Mzee wa Ujiji ulikuwa mkuyu. Kwa bibi yangu, Ruziba, ulikuwa mvumu. Kwenu kima aliuacha moyo wake juu ya mti gani?